Mtani wa Laini ya Korogwe

Mombo siku ya gulio hapasemeki. Mabasi ya Tanga, mabasi ya Moshi, wauza machungwa, kuku waliofungwa miguu, na vumbi ambalo ukifumba mdomo linakuingia puani. Katikati ya fujo hiyo alisimama binti wa milimani, Secilia binti Nikodemo wa Lukozi, amevaa gauni jeusi la krimplini na sweta juu yake. Sweta, jamani! Mombo, jua la saa nane! Watu walimtazama wakatikisa vichwa. Yeye hakuliona jua wala hakuwaona watu.

"Kaka, basi la Same linapita saa ngapi hapa?" alimwuliza utingo mmoja.

Utingo hajafungua mdomo, kijana aliyekuwa akimenya chungwa nyuma yao akageuka upesi.

"Lushoto!" akasema. "Lushoto, hapa Korogwe. Nipe laini."

Secilia akageuka. Aliona kijana mrefu, mweusi, suruali ya bugaluu inafagia vumbi, kalamu mbili mfukoni mwa shati. Sura ile hakupata kuiona maishani mwake, lakini sauti ile aliisikia kila siku ya kazi.

"Kristofa?"

"Ndimi bwana wako. Na wewe ndiye mtumwa wangu? Mbona mfupi hivyo? Kwenye simu una sauti ya mtu mrefu!"

Nieleze kidogo, msije mkadhani kijana hana adabu. Secilia alikuwa opareta wa simu posta ya Lushoto, Kristofa opareta wa Korogwe. Simu ya mbali ikitoka Lushoto ilipitia kwake, na kwa miaka kadhaa wawili hawa walijuana kwa sauti tu. Tena Kristofa alikuwa Mnyamwezi. Baba yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge, akalowea. Basi Mnyamwezi na Msambaa ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukuita mtumwa, kukucheka, kukunyang'anya kofia hata msibani, na ukinuna mwenye makosa ni wewe.

"Sweta la nini, Msambaa? Umeogopa baridi ya Mombo?"

"Nimesahau kulivua."

"Joto lote hili?"

"Sisikii joto."

Alivyolisema neno hilo Kristofa akaacha kutafuna. Alijua kuwa Secilia alifiwa na mama yake kabla ya masika. Asichokijua ni kwamba siku ya mazishi binti huyu hakutoa chozi hata moja. Shangazi zake walimtazama, wakamfinya, wakanong'ona kuwa ana moyo wa jiwe. Tangu siku ile mwili mzima ulikuwa umemfa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Alikula kwa kuwa ni wakati wa kula. Alilala kwa kuwa taa imezimwa. Hata yale masengenyo hayakumuuma, na hilo ndilo lililomtia hofu kidogo.

"Na Same unafuata nini?" Kristofa akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Wanyama. Likizo yangu imekaribia, leo naulizia mabasi tu. Naanza na milima ya chai huko Bumbuli, kisha hifadhi ya Mkomazi, namalizia Pangani, kule mtoni kwenye mikoko."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako! Unakwenda kumwona nani?"

"Simwoni mtu. Kristofa, kila siku watu wananiambia nipe Bumbuli, nipe Same, nipe Pangani. Nawapa. Mimi mwenyewe nimekaa pale na waya masikioni. Nataka nikaone kama mahali hapo papo kweli. Mahali ambapo hakuna anayenijua. Labda huko nitasikia kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote."

Kristofa akamkatia nusu ya chungwa. "Basi nikuoe kwanza, twende wote. Mahari natoa kuku mmoja, tena kilema."

"Kuku wako kilema kamle na mama yako."

Kijana akaangua kicheko. Secilia hakucheka, ila chungwa alilila mpaka likaisha. Sasa mimi niwaambie alichokuwa nacho kijana moyoni: hakuwa anatania. Aliipenda sauti ile tangu siku ya kwanza ilipomwambia "subiri" kwa ukali. Lakini mtani akikuambia anakupenda utafanya nini? Utamwambia aende zake, na ndivyo alivyokuwa akiambiwa miaka yote.

Basi ikaanza kazi ya kuipanga safari, na safari ya opareta hupangwa kwa simu, jioni, wakati wateja wamepungua.

"Korogwe, nipe Same, ofisi ya Bwana Nyama."

"Sema 'tafadhali mpenzi' kwanza."

"Nipe Same."

"Laini ina kutu, kipenzi. Haipitishi ila maneno matamu."

"Kristofa, kazi!"

"Haya, asali wa moyo, Same huyo. Mwulize kama simba wake wanakula Wasambaa, maana nyama yenu imejaa baridi."

Mambo yakajipa. Karani wa shamba la chai alikubali kumpokea. Bwana Nyama wa Same, yule afisa wa wanyamapori, alisema gari lake huingia porini, anaweza kupanda. Kule Pangani msimamizi wa nyumba ya wageni, mzee Saidi, akamwahidi chumba na mtumbwi na mtu wa kumpigia kafi. Secilia aliyapokea yote kwa "sawa" na "ahsante", bila furaha wala wasiwasi.

Jumapili akapanda Lukozi kumuaga baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unakwenda kutembea. Kwa nani?"

"Siendi kwa mtu, baba."

Mzee Nikodemo akachochea moto, ingawa ulikuwa unawaka vizuri. "Mtu hatembelei miti, Secilia. Sikukatazi, u mtu mzima, una kazi yako. Lakini siku hizi kila mtu ana balozi wake wa nyumba kumi na kijiji chake. Huko njiani watakuuliza wewe ni wa nani. Utawajibu nini?"

"Nitawaambia mimi ni Secilia."

"Haitoshi, mama," mzee akasema taratibu.

Kosa la Secilia, kama ni kosa, lilikuwa kumsimulia Kristofa maneno hayo siku ya pili yake. Kristofa akasema mzee ana hekima, kisha akaingiza mzaha wake. Secilia hakuwaza tena.

Siku chache kabla ya kuondoka akapiga Pangani kuhakikisha chumba.

"Shikamoo, mzee Saidi. Ni Secilia wa Lushoto."

"Marahaba! Aa, Bibi Kristofa! Wasiwasi wa nini? Mumeo keshapiga."

"Nani?"

"Mumeo, wa simu Korogwe. Kaniambia nikupe chumba kinachotazama mto, vijana wa kilabuni wasikusogelee, na kafi ashike mtu mzima. Bumbuli na Same nako kapiga, kanieleza mwenyewe. Hongera, mwanangu, umepata mume anayejali."

Secilia alimshukuru, maana mkubwa hajibiwi ovyo. Akachomoa waya. Kitu kilikuwa kinampanda kutoka tumboni, kinafika kifuani, masikio yanawaka moto. Alidhani ni malaria. Ikamchukua muda kuitambua: ilikuwa hasira. Hasira hasa, ya kutaka kuvunja kitu!

"Korogwe!"

"Lushoto, kipenzi cha..."

"Mke wako nani?"

Kristofa akajifanya anakohoa.

"Nimekuuliza, Kristofa, mke wako nani?"

"Secilia, sikiliza. Wewe mwenyewe ulisema watakuuliza ni wa nani. Nikaona nikisema ni mke wangu, hakuna atakayekusumbua. Ulikuwa utani tu wa..."

"Utani! Nilikuwa na kitu kimoja tu. Kimoja! Kufika mahali ambapo si mtoto wa fulani, si mfiwa, si yule asiyelia. Sasa nitashuka kwenye kila basi nikiwa mke wa mtu. Umeichukua safari yangu ukaifanyia mzaha!"

"Sikufanya mzaha. Nilipowaambia vile sikuwa nacheka." Kijana akaongeza: "Nakupenda, Secilia. Kweli tupu."

"Mtani hana kweli. Toka kwenye laini yangu!"

Akachomoa waya kwa nguvu hata ubao wa simu ukatikisika. Opareta wa Mombo, aliyekuwa akisikiliza kama ilivyo desturi yake mbaya, akasema peke yake, "Mungu wangu!"

Tangu hapo ikawa "Korogwe", "Lushoto", "nipe Tanga", "tayari", basi. Hakuna mpenzi wala asali. Secilia akamfokea muuza maziwa, akapigiza sufuria, usiku akapika ugali wa watu wawili akaumaliza peke yake. Kristofa naye, mpishi wa maneno, akawa mtu wa kuitika tu. Wenzake ofisini wakamwuliza kama anaumwa jino.

Siku ikafika, Secilia akaondoka na kikapu chake na khanga mbili mpya. Alijiandaa kugombana. Bumbuli, karani wa chai alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, Bibi Secilia. Yule kijana wa Korogwe amepiga tena. Anasema alitudanganya. Wewe si mke wake, unasafiri peke yako kwa hiari yako, na heshima yako iwe ile ile."

"Amesema hivyo?"

"Kwa kinywa chake. Aibu ilikuwa inamtoka mpaka huku."

Secilia akasema sawa. Wakatembea kwenye chai. Akina mama walikuwa wanachuma, vikapu mgongoni, mikono inakwenda upesi kuliko macho, na kiwandani jani linanukia vizuri. Secilia aliona kijani, akaona kwamba kijani ni kizuri, basi. Haikumwingia.

Same ikawa habari ile ile. "Kanionya nisikuite Bibi Kristofa," Bwana Nyama akasema akiendesha Landrova yake porini Mkomazi, "kasema utaniuma." Mbele yao tembo mwekundu kwa vumbi alisimama njiani, akatikisa masikio, akawatazama kwa dharau, kisha akajipeleka pembeni polepole kama bwana mkubwa. Secilia akajikuta anafungua mdomo amwambie mtu: huyu mwendo wake kama wa Mnyamwezi wangu. Akafunga mdomo. Hakukuwa na wa kuambiwa. Njia nzima ya kurudi alikereka kwamba hakukuwa na wa kuambiwa.

Pangani akafika asubuhi yenye mawingu. Mzee Saidi akamkabidhi kwa mpiga kafi, mtu mzima kama ilivyoahidiwa, aliyeitwa Ramadhani. Mtumbwi ukaingia kwenye vijito kati ya mikoko. Maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia, mizizi imesimama juu ya tope, kaa wanakimbia. Hakuna sauti ila kafi.

Ramadhani alikuwa mtu wa adabu, na mtu wa adabu hakai na mgeni kimya.

"Huko milimani hawajambo, bibi?"

"Hawajambo."

"Baba hajambo?"

"Hajambo."

"Na mama naye hajambo?"

"Hajambo," Secilia akajibu.

Lilitoka lenyewe, kwa mazoea, kama linavyomtoka kila mtu. Kule nyumbani tangu msiba hakuna aliyemwuliza swali hilo, kwa kuwa wote walijua. Huyu hakujua. Secilia akashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili.

"Hapana," akasema. "Nimekosea. Mama amekufa. Amekufa! Mama yangu amekufa!"

Akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zinamtoka, khanga mpya yote ikalowa, ndege wakaruka kwenye mikoko. Ramadhani akaacha kupiga kafi, akauacha mtumbwi usimame. "Pole, mwanangu," alikuwa akisema. "Pole sana. Lia tu." Moyo ulimuuma Secilia mpaka akadhani utapasuka, akaendelea kulia.

Waliporudi akaenda moja kwa moja kwenye simu ya mzee Saidi.

"Korogwe," sauti ikaitika, imechoka.

"Kristofa." Akalia tena kwenye simu.

Kijana hakutania. Hakuuliza. Alikaa upande wa pili anapumua tu, mpaka Secilia akatulia.

"Nimeulizwa mama hajambo, nikasema hajambo," Secilia akasema.

"Nimekusikia. Lia, laini ni yako."

"Sikiliza. Mimi sijui kama nakupenda. Nimesahau inavyokuwa. Lakini nimemwona tembo nikataka nikuambie wewe. Na siku ile nilikasirika, Kristofa. Miezi yote hiyo mtu hakuniudhi wala kunifurahisha. Wewe ukaniudhi!"

"Nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Nije kukuchukua?"

"Usije. Siku zangu hazijaisha, nitazimaliza mwenyewe. Nikishuka Korogwe nitakuona."

"Nitasubiri. Na utani nimeuacha, Secilia. Naapa."

"Usiuache wote, wee! Nitamtukana nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu ugomvi ule kijana akacheka, kicheko chenye machozi ndani, kisha simu ikakatwa na mtu wa Tanga aliyekuwa na haraka zake.

Mzee Saidi alikuwa mlangoni na sahani ya samaki, anajifanya amefika sasa hivi.

"Ulikuwa unazungumza na nani muda wote huo, bibi?"

"Na mume wangu."

"Yule wa Korogwe?" Mzee akachanganyikiwa. "Mbona alipiga akaapa kwa jina la Mungu kwamba si mumeo?"

Secilia akafuta pua kwa pembe ya khanga, akapokea samaki kwa mikono miwili.

"Bado sijamwambia," akasema.