Yuqiu na Nauli ya Wiki

Kila Jumatatu asubuhi, Tan Yuqiu alipewa na bibi yake yuani ishirini na tano, nauli ya wiki nzima. Basi la kwenda shule lilikuwa yuani mbili, la kurudi mbili, na kilichobaki kilikuwa chake. Lakini wiki ile usingizi ulimshinda. Jumatatu alichelewa, akakodi teksi. Jumanne akachelewa tena, akakodi nyingine. Jumatano alipopapasa mfukoni, alikuta yuani moja tu.

Kadi ya basi ya bibi ilikuwa mezani. Wazee wa Chongqing, jiji lao la milima, husafiri bure kwa basi. Yuqiu alitazama huku na huku, akaichukua, akatoka mbio.

Ndani ya basi aliigusisha kwenye mashine. Mashine ikatangaza kwa sauti kubwa: "Kadi ya wazee!"

Basi zima likageuka. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akainuka.

"Karibu kiti, bibi. Magoti hayakusumbui?"

Abiria wakaangua kicheko.

"Una miaka mingapi, bibi?" akauliza dereva, mama mwenye miwani.

"Kumi na miwili," Yuqiu akajibu, masikio yakimwaka moto. "Kadi si yangu, ni ya bibi. Nauli nimeimaliza kwa teksi."

"Angalau umesema kweli," dereva akasema. "Una ngapi hapo?"

"Moja."

Mzee akatumbukiza nyingine kwenye kisanduku cha nauli. "Kaa. Lakini jioni ukamwambie bibi yako mwenyewe."

Jioni, akirudi kwa miguu na kupanda ngazi za mtaani kwao, alimkuta bibi ameketi katikati, kikapu cha mboga kando, akisugua goti.

"Kadi yangu sijui nimeiweka wapi," bibi alihema. "Ngazi zote hizi nimezipanda kwa miguu."

Yuqiu akaingiza mkono mfukoni. Akaitoa kadi, akaeleza yote bila kuficha neno. Bibi alisikiliza, uso umekunjamana. Ila hadithi ilipofika kwenye kupewa kiti, mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka hadi machozi.

"Haya, beba kikapu, bibi mwenzangu!"

Baada ya chakula wakakaa na karatasi.

"Asubuhi unateremka mlima," bibi alisema. "Kuteremka basi la nini? Amka mapema, shuka ngazi. Basi liwe la kupandia jioni."

Yuqiu akapiga hesabu, akaruka. "Yuani kumi tu kwa wiki! Zinabaki kumi na tano!"

Alhamisi na Ijumaa alitembea kwenda na kurudi, maana bibi hakumwongezea hata senti. Wiki iliyofuata alishuka ngazi kila asubuhi akiimba, na Ijumaa akamwalika bibi mgahawani kula tambi za pilipili, mabakuli mawili madogo. Walikula hadi jasho likawatoka puani.

"Umeona, mjukuu wangu?" bibi alisema. "Pesa ni ile ile, shule ni ile ile. Umepanga kabla ya kutumia, basi. Na siku ikikupungukia, sema. Ukichukua cha mtu kimyakimya, yeye ndiye anayeumia."

"Nimeelewa, bibi," Yuqiu akasema, akafuta mdomo, akaenda kulipa.