Upepo wa Saa Mbili Asubuhi

Tone la maji liliangukia beseni la plastiki. Kimya. Likaanguka jingine.

Inspekta Kanlaya alilisikiliza gizani, macho wazi. Bomba la jikoni lilikuwa likivuja tangu binti yake ahamie Bangkok, na kwa kuwa hapakuwa na wa kulalamika, hakuna aliyelitengeneza. Simu ilipoita, aliipokea kabla ya mlio wa pili.

Kuna maiti kijiji cha Ban Mae Lun, kwenye uwanja wa shule ya msingi.

Alifika kunapambazuka. Ukungu wa Januari ulikuwa umelala bondeni, na kilomita nne magharibi dohani ya mtambo wa umeme ilikuwa ikitoa moshi kimyakimya. Marehemu alilala chali chini ya mnara mwembamba wa chuma, urefu mita kumi, wenye vyombo vya kupimia upepo kileleni. Aliitwa Sanit Wongkham, fundi wa kupima hewa, miaka hamsini na miwili. Shingo ilikuwa imevunjika. Taa yake ya kichwani ilikuwa bado inawaka. Mkanda wa usalama aliuvaa, lakini kulabu ilikuwa imefunguliwa.

Sajini Wirot alikuwa ameshaamua. "Ajali, afande. Kafungua kulabu afikie bolti ya mbali, akateleza. Chuma kina umande."

"Nyayo zake ziko wapi?"

Wirot akatazama chini. Uwanja wote ulikuwa na mistari mibichi ya ufagio, iliyokwenda hadi begani kwa marehemu na kumzunguka.

"Labda alikuja kwa kuruka," alisema polepole, kama mtu anayejua mzaha wake haufai.

Aliyepiga simu polisi alikuwa mwalimu mkuu, Amphorn, mwanamke wa miaka hamsini na minane aliyeishi peke yake katika nyumba ya mwalimu, nyuma ya madarasa. Aliwaletea chai kabla hawajaomba. Mikono yake ilikuwa na sugu, na kucha zilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni.

"Ulimkuta saa ngapi, mama?"

"Kumi na moja na nusu. Nikapiga simu papo hapo."

"Ulifagia kabla au baada?"

Mwalimu alinyoosha sketi yake. "Nafagia kila siku, mwanangu. Miaka thelathini na mmoja."

"Sikuuliza hivyo."

Mwalimu alimjazia kikombe. Kanlaya alimwacha, akaenda kupekua gari la marehemu.

Ndani mlikuwa na daftari na ramani mbili. Katika kila ramani, kutoka kwenye dohani, Sanit alichora umbo kama jani refu la mgomba, jembamba mwanzoni, pana kadiri linavyokwenda. Kwenye ramani ya kwanza jani lililalia shule. Kwenye ya pili lililalia msitu wa kaskazini, ambako hakuna mtu. Pembeni aliandika kwa penseli: *Tangu tarehe tatu Novemba upepo umehama. Kwa nini?*

Inspekta alimpigia simu Rattana, aliyefanya kazi pamoja na marehemu. Alilia kwanza, kisha akaeleza. Moshi wa dohani ndefu hauanguki hapo chini yake. Hupanda, husafiri na upepo, hutanuka, halafu hugusa ardhi mbali. Ukijua kasi ya upepo na unakotoka, unakadiria utagusa wapi. Ukiongeza vumbi na moshi wa barabara ya malori ya makaa, unapata hewa anayovuta mtu wa pale. Ripoti ya Sanit ilikuwa isomwe mbele ya wananchi siku hiyohiyo, saa tatu. Ndiyo maana alipanda mnara kabla ya kucha: kulikuwa na kitu hakukiamini.

"Ripoti ikionyesha moshi unagusa shule, inakuwaje?"

"Inafungwa, afande. Watoto wanahamishiwa ng'ambo ya kilima."

Kanlaya aliahirisha kikao, akampandisha Wirot mnarani. Kikalio cha kielekezi cha upepo kina alama nyekundu ambayo lazima itazame kaskazini. Ikigeuzwa, kila kipimo kinageuka nayo. Wirot alipiga kelele kutoka juu kwamba alama imetazama mashariki, na kwamba bolti ina uchafu mweusi unaonata. Aliukwangua ndani ya mfuko wa ushahidi. Jioni maabara ikajibu: lami ya kuzibia mapaa.

Daktari naye alituma matokeo ya uchunguzi wa maiti. Sanit alikufa saa kumi na moja kasorobo. Kutoka hapo hadi simu ya mwalimu, dakika arobaini na tano hazikuwa na mwenyewe.

Usiku ule Kanlaya alibaki ofisini na bakuli la tambi zilizopoa, akipekua kundi la simu la wazazi wa shule. Kila siku ya masomo, saa mbili asubuhi, watoto waliposimama kuimba wimbo wa taifa, Mwalimu Amphorn alipiga picha ya bendera ikipanda, akaituma. Hakukosa hata siku moja. Siku nyingine bendera ililala kwenye mlingoti. Ilipopulizwa, kabla ya Novemba na baada yake, kila mara ilielekea upande mmoja: kutoka mtamboni, kuelekea madarasani. Upepo haukuhama. Daftari lilidanganywa, na picha alizipiga aliyelidanganya.

Asubuhi iliyofuata walikaa darasani, kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia kugusa videvu. Kanlaya aliweka simu mezani, picha moja baada ya nyingine.

"Paa la shule hii nani analiziba, mama?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Kwa lami?"

Mwalimu alizitazama kucha zake.

"Niliigeuza alama, nikaupeleka moshi msituni," alisema. "Miti haikohoi."

"Watoto wanakohoa."

"Nilijiambia ni baridi. Kila mwaka nilijiambia ni baridi."

Alieleza bila kulia. Hakuolewa. Wazazi walikufa. Nyumba anayolala ni ya shule. Wakati wa likizo siku tatu hupita hajasikia hata sauti yake mwenyewe. Watoto ishirini na mmoja ndio pekee wanaomwita. Wakiondoka, nani atajua kama ameamka?

"Na Sanit?"

"Nilisikia spana. Nikatoka, nikamwomba ashuke tuongee. Akasema, 'Dada, watoto hawa nawaona, siwezi kuficha.' Alikuwa amefungua kulabu afikie bolti; nikapanda hadi karibu naye, nikamshika mguu. Sikumvuta." Akaificha mikono chini ya meza. "Nilimvuta."

"Alikuwa hai?"

"Alinitazama kidogo tu. Halafu nikachukua ufagio. Nyayo zangu zilikuwa pale. Lakini hata zisingekuwapo, mwanangu, sijui ningefanya nini kingine saa ile. Ndiyo saa ya kufagia."

Kanlaya aliandika maelezo, akamsomea, akampa kalamu. Alitaka kumwambia kitu, kwamba kuna nyumba nyingine bondeni ambako hakuna anayejua kama mtu ameamka. Badala yake alimfunga pingu mbele, akazifunika kwa shali. Nje alimpigia Rattana: alama irudishwe kaskazini, hesabu zirudiwe, gari la kuwavusha watoto kilima litafutwe kuanzia Jumatatu. Rattana alisema ramani itakuwa tayari keshokutwa.

Langoni palikuwa na msichana wa miaka saba hivi, Namfon, mkoba mgongoni, kitambaa mdomoni. Hakuna aliyemwambia kwamba hakuna shule. Aliwatazama askari, akalitazama gari, akamwona mwalimu wake kwenye kiti cha nyuma. Wirot alimwambia arudi nyumbani. Hakurudi. Alikohoa, akateremsha kitambaa, akamvuta Kanlaya mkono wa shati.

"Mwalimu bado hajala," alisema.