Doa la Simsim

Kila Jumamosi Beldina alitoka Manyatta asubuhi, akaenda mjini Kisumu kumsaidia Mama Kantaben kukunja vitambaa nyuma ya duka lake. Mama Kantaben hakukosa kumpa chai ya tangawizi na kumuuliza, "Magoti ya Dani yanaendeleaje?" Dani ni bibi yake Beldina.

Jumamosi moja mwaka 1953, Mama Kantaben alikuwa akiandaa sari yake ya hariri. Binti yake angeivaa siku ya kuolewa.

"Nondo wanapenda hariri kuliko sisi," alisema akicheka, akamwonyesha kichupa. "Lakini mafuta ya maua ya lavenda hawayataki. Warumi wa kale walitia lavenda katika maji ya kuoga. Bibi yangu aliiweka kati ya nguo. Dondoshea vipande hivi vya pamba, tuviweke sandukuni na sari. Polepole! Kichupa hiki kimetoka ng'ambo."

Mama Kantaben alipotoka tu, kichupa kilimteleza Beldina. Karibu mafuta yote yakamwagikia gauni lake. Aliingia jikoni, akakijaza kichupa mafuta ya simsim kwa haraka, na tone likaangukia gauni. Akavilowesha vile vipande, akarudi kukunja vitambaa.

Mama Kantaben alirudi na sari nyekundu mikononi. "Leo huongei? Kasuku wangu amepotea wapi?"

Beldina akainamisha uso. Pale lavenda ilipomwagika, gauni lilikuwa limekauka, safi kabisa. Pale simsim ilipoanguka, doa liling'aa. Akaitazama sari. Heri nifukuzwe, aliwaza.

"Mama, ngoja!" Alisimama mbele ya sanduku. "Nilimwaga lavenda, nikajaza simsim. Pamba hizo zitaharibu sari!"

Mama Kantaben aliishusha sari taratibu. "Ungenyamaza, binti yangu angeolewa amevaa sari yenye doa."

"Nisamehe, Mama. Nitafua vipande vyote. Hata kesho nitakuja."

"Kesho nenda kanisani. Fua leo."

Beldina alifua kwa sabuni na maji moto mpaka pamba ikawa nyeupe. Sari ikahifadhiwa kwa majani makavu ya mwarobaini. Kisha Mama Kantaben akamtilia kile kichupa mkononi.

"Mafuta haya hayafai kwa hariri, lakini yanafaa kuchua magoti. Mpelekee Dani, umweleze yalivyochanganyika."

"Lazima nimweleze?"

"Lazima. Kumwaga ni bahati mbaya, binti, na bahati mbaya hukauka kama lavenda, haiachi doa. Uongo ndio simsim. Doa lake huoshwa mapema, kama ulivyofanya leo."

Akamwongezea chai.