Kadi Sita, Mwandiko Mmoja

Haya yalimpata dada yangu mkubwa, na dada si mtu wa kutunga. Mpe dakika kumi za kusema uongo, atazitumia kulala.

Anafanya kazi ofisi ya bima. Meneja wao wanamwita Pua. Mwaka jana bwana huyu aligundua bia zinazopikwa kwa mikono kwenye viwanda vidogo, na tangu hapo watu hawakupumzika. Mtu aliyekuwa akipiga chupa mbili baridi na kwenda zake nyumbani, sasa alizungusha glasi kama anayetafuta pete iliyozama, akafumba macho, akasema, "Napata ganda la chungwa. Na kwa mbali, ngozi ya kiatu." Na wenzake, watu wazima wenye watoto, wakaitikia, "Eee, kiatu kipo."

Jumamosi moja, saa tisa mchana, gari la ofisi likawapeleka kwenye kiwanda kidogo nyuma ya gereji. Walikuwa sita, Pua akiwa mbele. Chumba kimoja kirefu, sakafu ya saruji, matangi matatu ya chuma ukutani. Mwenye kiwanda, mwanamume mwembamba asiyecheka, alimpa kila mmoja penseli, na kadi moja kwa kila glasi. Unaonja, unaandika ulichopata, hamsemezani.

"Zamani tulikuwa wawili hapa," alisema bila kuulizwa. "Mwenzangu aliondoka."

"Labda alionja bia yako," Pua akamjibu. Wakacheka. Dada naye alicheka, na hilo analijutia mpaka leo.

Glasi ya kwanza na ya pili zilileta upuuzi wa kawaida. Mpokea simu wa ofisi aliandika "furaha". Pua alijaza kadi mbele na nyuma, akaomba nyingine.

Ya tatu ilitoka tangi la tatu. Dada anasema haikuwa na ladha yoyote. Ilikuwa baridi tu, baridi ya chuma. Akaandika "haina kitu". Anakumbuka kabisa kuandika hivyo.

Pua akakusanya kadi azisome kwa sauti, awacheke wenzake. Akatazama ya kwanza. Akaguna. Akatazama ya pili.

"Nani kawapanga?" akauliza.

Kadi zote sita zilikuwa na maneno matatu: *Nani amefunga mfuniko*. Mwandiko ni mmoja, umelalia kushoto, herufi zimebanana. Hata kwenye kadi ya Pua mwenyewe.

Mwenye kiwanda akachukua moja.

"Huu ni mwandiko wa mwenzangu," alinong'ona.

Mtu mwenye akili angetoka. Lakini Pua alikuwa meneja. Akasema huo ni utoto, na mwenye utoto huo anamjua: dada, kwa sababu ndiye peke yake asiyewahi kukisikia kiatu. Jumatatu wangezungumza habari ya kazi yake. Kisha akaliendea tangi la tatu.

"Usifungue," mwenye kiwanda akasema. "Mle mna hewa mbaya."

"Ndugu yangu, hii pua imenusa mengi."

Mfuniko ulikuwa usawa wa kifua, bia imeshuka chini yake. Akazungusha mpini. Akaingiza kichwa. Mpaka mabegani.

Hakutoka.

Walidhani anajionyesha. Dakika ikapita. Miguu yake haikutikisika. Dada akamshika mkanda, akavuta. Alitoka mwepesi mno. Kama mtu anayesukumwa kutoka ndani.

Macho wazi. Midomo ya bluu. Alimtazama mwenye kiwanda peke yake.

"Nilikuita," akasema. Sauti haikuwa yake. "Nilikuita mara ngapi?"

Kisha akaanguka.

Mwenye kiwanda aliketi sakafuni akalia, na kwa kulia huko akasema yote. Waligombana kwa jambo dogo. Mwenzake akaingia tangini kusugua. Yeye akafunga mfuniko amtie adabu, akamsikia akigonga, akamcheka, akaenda kula. Aliporudi, hakuna aliyegonga. Akamzika nyuma ya ukuta. Akaliosha tangi. Akaendelea kupika bia.

Polisi walichimba, wakamkuta.

Jumatatu hakukuwa na mazungumzo ya kazi. Pua alikuwa hospitali. Amepona, wanasema. Chai, chumvi, pilipili, vyote kwake ni baridi ya chuma. Yule mtaalamu wa ganda la chungwa sasa anakunywa maji, na akienda chooni anaacha mlango wazi. Ofisi nzima inajua.

Ila kuna jambo ambalo polisi hawakuliandika. Dereva wa gari la ofisi hakuingia kiwandani. Alikaa kivulini upande wa pili wa barabara, funguo mfukoni, gari limefungwa. Alipokuja kulifungua awarudishe nyumbani, alikuta nyayo kwenye sakafu ya gari, kutoka mlangoni hadi kiti cha mwisho. Mtu mzima, miguu mitupu, imelowa bia. Zilielekea ndani tu.

Gari limeoshwa mara nne. Siku hizi dada anakwenda kazini kwa miguu.

Kile kiti hakijakauka.