Toleo 452.07

"Pweza ameamka. Saa kumi kamili."

Simu ya mkuu wake ikakatika.

Kristina Shekiondo akatazama Casio yake. Saa tisa na dakika nane alasiri. Akazima injini ya Probox, akachomeka bastola ya Glock kiunoni, akaanza kupanda ngazi za ofisi ya pwani. Ghorofa tatu. Lifti mbovu. Miaka kumi na tisa ya ujasusi ilikuwa imemhamia magotini.

Pweza ilikuwa boti ya mwendo kasi yenye injini mbili za Yamaha, iliyojaa vilipuzi vya kushushwa Tongoni. Ilikwishapita mara tatu wiki hii. Mara zote tatu skrini ya rada ya pwani iliingia giza kwa dakika kumi na moja, na mara zote zamu ilikuwa ya Suleimani.

Amri ya leo ilikuwa fupi: skrini ikizima tena, mkamate Suleimani.

Alimkuta amekodolea macho skrini, shati limelowa jasho. Pembeni yake alikaa Nehemia, mkuu wa mitambo, anakoroga chai.

"Alto wangu huyo!" Nehemia alicheka. "Unahema kama umekimbizwa na nyuki."

"Ngazi zako, mwalimu." Nehemia ndiye mwalimu wa kwaya kanisani kwao Mabawa. Kristina akamgeukia Suleimani. "Skrini ikizima, kompyuta nayo inazima?"

"Hapana, afande. Feni inanguruma, kengele zinalia. Picha tu ndiyo inakufa."

Picha tu. Basi tatizo ni kadi ya picha, au draiva yake, ile programu inayoielekeza kompyuta namna ya kuitumia kadi. Kristina akafungua orodha ya vifaa.

Toleo 452.07. Limewekwa Jumapili iliyopita, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Akazima mashine, akafungua kava kwa bisibisi. Juu ya kadi palikuwa na kipande cha plasta, maandishi ya kalamu ya risasi: *446.12. Usiguse. Dharsi.*

Akapiga simu.

"Shikamoo mzee Dharsi."

"Marahaba. Nani?"

"Kristina. Nimefungua mashine uliyouzia ofisi ya pwani. Ina 452.07."

Kurasa zikapekuliwa. Tanga nzima ilijua daftari la Dharsi. Kila toleo alilijaribu dukani kwake kwanza, kisha akaliandika kwa mkono.

"Haipo hiyo, mwanangu. Kwa kadi ile watengenezaji walitoka 451.90 wakaruka 453.01. Hiyo yako mtu kaipika jikoni kwake, aweze kuizima picha atakapo kupitia intaneti."

"Mwambie asiweke mpya!" Sauti ya mkewe, Sakarbai, ilipenya kwa nyuma. "Watu wa Tanga wana ugonjwa wa mpya!"

"Umesikia? Kadi ni ya zamani, ipe ya zamani. Flashi yake nimeibandika ndani ya kava, kushoto. Chomoa intaneti kwanza. Futa hiyo ya uongo, ndiyo uweke 446.12."

Saa tisa na dakika thelathini na moja.

Kristina akachomoa waya wa intaneti. Akawasha, akachomeka flashi, akaanza kufuta.

"Suleimani, Jumapili saa nne nani alikuwa humu?"

"Mimi, afande." Jumapili asubuhi Waislamu hushika zamu wenzao waende kanisani. Ijumaa mchana Wakristo hulipa fadhila. "Mimi peke yangu. Ah, na bwana Nehemia alipita kuchapa nota za kwaya. Nikamwachia kiti, nikaenda kutia udhu wa sala ya dhuha."

Kijiko cha Nehemia kikatulia kikombeni.

Kristina hakuinua macho. Alijisikia mzito, kama mtu aliyebeba gunia la mwingine.

"Jumapili hukuja kanisani, mwalimu. Ulituma ujumbe una malaria. Tuliimba bila wewe."

Mkono wa Nehemia ukateleza kuelekea simu.

Glock ikatua mezani.

"Mikono juu ya meza. Kikombe kiache."

Mashine ikajizima ili iwake upya. Skrini nyeusi. Saa tisa na dakika hamsini na nane. Suleimani alikuwa akisoma dua chinichini.

Bado nyeusi.

Picha ikarudi. Toleo 446.12. Pwani yote ikajichora kwa kijani, na kusini-mashariki mwa Tongoni nukta moja ikikimbilia nchi kavu.

Kristina akashika redio. "Papa Mmoja. Maili mbili, kusini-mashariki."

"Namwona," Castory akajibu kutoka boti ya doria.

Dakika kumi na moja zikapita. Skrini haikupepesa.

"Tumewashika. Watu wanne, maboksi kumi na manne."

Suleimani akajifuta uso kwa mikono miwili. Kristina akamfunga Nehemia pingu, polepole, bila kumbana.

"Kristina," Nehemia alinong'ona. "Jumapili kwaya ataongoza nani?"

"Tumeshazoea."

Akamwachia Suleimani bisibisi na mtuhumiwa mpaka askari wapande. Simu ikalia akiwa ngazini.

"Pweza?"

"Amelala."

Akakata, akashika ukuta, akashuka ngazi mojamoja.