Mzigo wa Lori Tupu

Lori lilikuwa tupu, lakini lilipanda kilima cha gereji likihema kama limebeba saruji ya mtaa mzima. Dereva aliliegesha, akashuka na kusimama mbali nalo.

"Limeanza lini?" fundi akauliza.

"Juzi mchana. Niliishiwa maji ya rejeta, nikachota kwenye kisima cha zamani kando ya barabara. Tangu hapo halivuti." Akashusha sauti. "Na kiti cha abiria kinabonyea, fundi. Mimi nipo peke yangu humo ndani."

Fundi alitabasamu kwa adabu tu. Madereva wa safari ndefu huona mengi, hasa yasiyokuwepo. Akamwambia akapumzike, arudi jioni.

Alianza kwa mpangilio wake wa miaka yote. Filta ya dizeli aliibadilisha. Filta ya hewa ilikuwa safi. Mabomba ya turbo aliyapaka maji ya sabuni kutafuta panapovuja, lakini hakuna povu lililotoka. Kila kitu kizima, na bado ukikanyaga mafuta injini inanguruma kichovu. Halafu palinuka matope mabichi, na kiangazi kile kilikuwa kimekausha hata mtaro.

Akaiacha injini ikiunguruma, akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni, namna mafundi wanavyosikiliza nozeli za kupulizia dizeli mojamoja. Ya kwanza nzima. Ya pili nzima. Kwenye ya tatu akasikia mtu anavuta pumzi.

"Bwana Kimya," sauti ikasema.

Fundi akaganda. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwita hivyo, naye ni mkewe, aliyemzika miaka mitatu iliyopita; tangu siku ile kwa kila mtu yeye ni fundi, fundi njoo, fundi bado tu, na akifunga gereji anarudi kwenye chumba ambacho hakuna wa kumuuliza kama amekula. Alijua mkewe hawezi kuwa ndani ya injini, alijua pia kwamba sauti ambayo mwenyewe humwoni haiitikiwi, na malaika ya mwili yalikuwa yamemsimama, lakini sikio halikutaka kuondoka.

"Naam," akaitika.

"Nimechoka na barabara."

"Wewe siye yeye," fundi akanong'ona.

"Siye," sauti ikakubali bila haya. "Ila najua alivyokuita."

Fundi aliutazama ufunguo wa lori. Angeweza kuizima injini, akaenda kutafuta mtu wa dua. Hakwenda.

"Basi toka kwenye lori la watu," akasema. "Twende nyumbani."

Injini ikachangamka palepale.

"Kumbe ilikuwa nini?" dereva akauliza jioni.

"Hewa kwenye dizeli," fundi akajibu, wala hakumtazama usoni. Lori likaondoka likivuta kama halijawahi kuugua.

Nyumbani kwake kulikuwa na ngazi kumi na mbili, ambazo siku zote alizipanda huku akitafuta ufunguo mfukoni. Jioni ile alisimama mara tatu kupumzika, mkono ukutani, mabega yameelemewa, matope yakimnukia shingoni. Akafungua mlango, akauacha wazi kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akaufunga taratibu.

"Umekula, Bwana Kimya?" akaulizwa, karibu kabisa na sikio.

Aliogopa. Na Mungu amsaidie, alifurahi.

"Bado," akasema.