Ngitili ya Mzee Luhende

Ilichukua dakika kumi na nane tu. Ndege-picha mia sita ziliruka kutoka vituo vyake, na kabla chai ya saa nne haijapoa, nchi nzima ilikuwa imeshapigwa picha, hadi mbuzi aliyefungwa nyuma ya choo. Mtambo huo uliitwa Jicho la Pamoja, kwa sababu wizara kumi na moja zilitumia picha zilezile. Kilimo ilihesabu mahindi, Afya ilitafuta madimbwi ya mbu, na Polisi, basi, Polisi haikusema inatafuta nini.

Mhandisi Nkwimba Luhende ndiye aliyeufundisha mtambo kusoma majani. Miaka mitatu nyuma alikaa nao pale Dodoma akiuonyesha picha baada ya picha: hili shamba, hili pori. Nyasi ndefu zisizo na ng'ombe wala jembe aliziandika "eneo lisilotumika". Wakati huo Kilimo ilitaka kujua tu mahali palipolimwa, hivyo hakujiuliza mara mbili. Msukuma mzima, aliyekulia Kishapu, akasahau ngitili!

Ngitili ni malisho ambayo familia huyafunga wakati wa mvua. Hakuna mnyama anayeingia mpaka kiangazi kikolee na nyasi za kwingine ziishe. Ukiyatazama kutoka angani mwezi wa Mei, utaapa yametelekezwa.

Mwaka huo Tume ya Ardhi Tupu nayo ikaanza kupewa picha. Asubuhi ile ya Mei ilitoa orodha na ramani ya maeneo ya kugawiwa wawekezaji. Nkwimba akaiona ngitili ya baba yake, ekari arobaini, imepakwa rangi nyekundu pamoja na nyingine zote za Kishapu. Matrekta-roboti yangeanza kulima Jumatatu. Akakimbilia kwa mkurugenzi wake, Bwana Chidumizi.

"Mkurugenzi, kosa ni langu. Niruhusu nibadili neno moja."

"Neno hilo sasa ni la wizara kumi na moja, Mhandisi. Lazima zote zisaini. Tukiwahi sana, miezi minne."

"Matrekta ni Jumatatu!"

"Sasa mimi nifanyeje? Mtambo unaamini unachokiona. Ukiona ng'ombe, utaliondoa eneo kwenye orodha."

Nkwimba alitoka nje, akapiga simu nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Alimweleza yote. 

"Kwa hiyo nile akiba yangu ndipo waamini ni yangu?"

"Ndiyo, baba. Ingiza ng'ombe leo."

"Na mwezi wa tisa watakula nini?"

 

"Aliyeufundisha huo mtambo ni mimi," Nkwimba alisema, akaanza kulia. "Nilisahau, baba."

"Ulisahau," mzee alirudia taratibu. "Haya. Ngoja niwaambie na majirani."

Ijumaa ndege-picha ziliruka tena. Kwenye kioo cha kompyuta Nkwimba aliwaona ng'ombe sitini wa baba yake, nyasi zikiwafika tumboni. Ngitili ya jirani ilikuwa imefunguliwa, na ya jirani wa jirani, na nyingine zote mpaka mpakani mwa wilaya. Rangi nyekundu ikafutika Kishapu nzima.

"Umeona?" Bwana Chidumizi alisema kwa furaha. "Mtambo umejisahihisha wenyewe."

Chini ya picha mtambo uliandika: ardhi yote inatumika, mifugo imeshiba. Mvua ilikuwa bado miezi sita.